Mkoani mpaka Konde kwa baskeli ya lami, tupite njia ipi?

Mpandaji_Bububu
Asalaam alaykum jamani. Mie niko Unguja, napanda baskeli kila Ijumaa na Jumapili asubuhi, njia zangu ndo zile za kila mtu, Mjini–Mahonda–Mkokotoni au Mjini–Tunguu–Jozani–Paje na kurudi. Paje kwenda na kurudi ni kama kilomita 100, natoka nazo vizuri tu alhamdulillah. Sasa mwaka huu mwisho wa mwezi wa sita, masika yakishakwisha, nataka nivuke Pemba mie na mdogo wangu, tushuke Mkoani, tulale Chake, tulale Wete, siku ya tatu tufike Konde na msitu wa Ngezi bila ya kupanda gari hata mara moja. Kila Mpemba ninayemwambia ananijibu neno moja, milima. Lakini nikitazama ramani sioni mlima wowote Pemba, ndo nauliza hio milima iko wapi? Na Chake kwenda Wete tufate barabara mpya au ya zamani? Baskeli zetu ni za tairi nyembamba, milimita 25. Wenye kujua nisaidieni.

Mtambile_Juu
Waalaykum salaam sheikh. Ramani yako haikudanganyi, Pemba hakuna kilima kinachofika hata mita 150. Lakini sikiza, huku hupandi mlima mmoja ukamaliza, unapanda vilima arubaini. Unapanda dakika tatu, unateremka nusu dakika, bonde, daraja dogo, mpunga huku na huku, unapanda tena. Kwa Unguja ulivozoea, ukishapata mwendo wako unakaa nao mpaka Paje, huku mwendo huukai nao hata kilomita mbili. Mkoani–Chake ni kama kilomita 30 tu na mie nimewaona watu wa Mjini wenye miguu yao mizuri wanafika Chake wamekwisha, kwa sababu kila kilima wamekipanda kwa hasira wakidhani ndo cha mwisho.

Na Mkoani penyewe kunakuanzia vibaya, bandari iko chini mji uko juu, unashuka kwenye boti miguu imelala ile dakika ya kwanza tu unakutana na mpando. Usione haya kusukuma hapo. Kaa kwanza unywe chai na mkate, mwili uamke, ndo uondoke. Kutoka hapo mpaka Mtambile panda pole, gia nyepesi, hapo ndo penye kuchosha zaidi kwa maoni yangu, baada ya hapo unazoea.

Jambo jengine hujaliuliza ila ni kubwa kuliko njia: upepo. Mwezi wa sita ni kusi, unavuma kutoka kusini, na nyie mnakwenda kaskazini, kwa hivo mmechagua sawa, utakusukumeni mgongoni. Ungekuja mwezi wa kwanza kwenye kaskazi ningekwambia anza Konde umalizie Mkoani. Tena msifanye ujanja wa kurudi kwa baskeli siku ya nne, mtapigwa na upepo usoni juu ya vilima vile vile. Rudini na dala, baskeli zinafungwa juu.

Fundi_Machomane
Naongezea upande wa chombo maana watu wanaleta baskeli nzuri halafu hazifai huku.

Tazama gia yako ya nyuma ile kubwa kabisa ina meno mangapi. Ikiwa 25 utaumia magoti, tafuta ya 28. Watu wanakimbilia 32, lakini kile kidude cha kubadilishia gia kikiwa cha mkono mfupi hakiichukui vizuri, cheni inabana, kwa hivo muulize fundi wako kabla hujanunua. Tairi 25 zitafika, ila ukiweza kuingiza 28 ingiza, na usijaze upepo ukawa jiwe, lami yetu ina viraka na pembeni imeliwa na maji.

Breki sasa. Hapa ndo nnapowaona watu wanaumia. Mpira wa breki ukiwa umebaki mwembamba badilisha kabla hujavuka, usiseme nitabadilisha nikirudi. Mvua ya mwezi wa sita haijakwisha yote, inanyesha robo saa inaacha, na rimu ikirowa breki haishiki mara moja, unabana inateleza mzunguko mmoja miwili ndo inakamata. Na chini ya kila mteremko kuna kona au daraja, na mvua ikishapita udongo mwekundu wa mashamba unateremka unakaa pale pale kwenye kona, juu ya lami, laini kama sabuni. Wewe anza kubana breki ungali juu, bana kidogo achia, bana achia, rimu ikauke, ukifika konani uwe umeshapunguza, usibane ndani ya kona.

Chukueni tyubu mbili kila mtu, viraka, solusheni na pampu. Mafundi baskeli wako kila kijiji lakini tyubu ya baskeli yako nyembamba hawana, wana za baskeli kubwa.

BiMkubwa_Wete
Kuhusu Chake–Wete fateni ya zamani, ile inayopita Ziwani. Mie nimesomesha skuli njia hio miaka mingi na nilikuwa nakwenda kwa baskeli, naijua kila mti. Mpya ni ya haraka na magari yanakwenda mbio, ya zamani inajipinda pinda ndani ya mikarafuu na minazi, vivuli vimejaa, hata saa nne asubuhi hujaungua. Milima iko, tena mingi zaidi, lakini unapanda kwenye kivuli. Halafu mkitaka kupumzika kuna kichepuko cha kwenda Kidike, wale popo wakubwa wa Pemba wanalala mchana juu ya miti, wakifungua mabawa ni karibu mita moja na nusu, na hawapatikani pengine popote duniani isipokuwa hapa kwetu. Kawaoneni.

Ila wanangu nakuombeni mambo mawili. Ikiwa karafuu zimeanza kuchumwa mtazikuta zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, pengine jamvi limeingia mpaka kwenye lami. Baskeli isikanyage. Ile ni kazi ya nyumba nzima, watu wamepanda juu ya miti, kina mama wamekaa usiku wanachambua, konyo, vile vijiti vyake, huku karafuu huku, na karafuu iliyovunjika kichwa inashuka daraja mwenyewe akienda kuuza. Ukikutana na gari hapo simama ulipite, usitanue kwenye jamvi.

La pili, saa moja asubuhi na saa sita mchana watoto wa skuli wamejaa barabarani na wanatembea katikati. Piga kengele mapema, tena mpunguze kweli. Na mkipita kijijini vaeni suruali juu ya hizo nguo za kubana, ni adabu tu, mtakaribishwa kila nyumba.

Mpandaji_Bububu
Nashukuru sana fundi, bi mkubwa nimekufahamu, suruali tutavaa inshallah. Gia ya 28 nishapata. Na Konde kwenda Ngezi vipi, baskeli za lami zinafika? Mdogo wangu anataka kufika mpaka mnara wa taa Ras Kigomasha.

Mtambile_Juu
Ngezi mtafika, barabara inapasua msitu katikati, miti imefunika juu, ghafla baridi, ni pahala pa kwenda polepole. Mnarani ndo usijaribu na tairi 25, kule ni njia ya mchanga, zitazama. Ziacheni baskeli Makangale kwa mtu, mtembee, au mkodi za tairi pana. Wete–Konde yenyewe ni fupi, kwa hivo siku ya tatu mna nafasi.

Mpandaji_Bububu
Jamani tumerudi jana, naandika kwa wengine watakaouliza. Tumefika, alhamdulillah, siku tatu bila ya gari.

Shida ya kwanza haikuwa mlima, ilikuwa boti. Baskeli zetu zililazwa mizigoni wakazipandishia magunia, kufika Mkoani ile chuma inayoshika gia ya nyuma imepinda kwa ndani, cheni inaruka. Tulipata fundi pale juu akainyoosha kwa kutumia gurudumu la nyuma la baskeli nyengine kama mkono, akalifunga pale kwa skrubu akavuta kidogo kidogo huku anatazama kwa jicho moja, robo saa ikawa imenyooka. Kwa hivo funga kipande cha ubao au kadibodi nene upande wa gia, na uisimamie mwenyewe ikipakiwa.

Mkoani–Chake ilituchukua saa tatu na kidogo, na tulisukuma mara mbili. Njia ya Ziwani ndo nzuri kuliko zote nilizopita maisha yangu, sizidishi. Kuna mteremko mmoja tulikuwa tunakuja kasi, harufu ya karafuu ikatufikia kabla hatujaona kitu, mdogo wangu akapiga kelele "jamvi!", tukabana breki mapema kama alivosema fundi, kupinda kona ndo hilo, nusu ya lami karafuu, zimeanza kubadilika rangi kutoka kijani kuwa nyekundu nyekundu, na bibi mmoja amekaa pembeni na mkwaju mkononi kufukuza kuku. Tukashuka tukatembea kwa miguu mpaka jamvi likaisha. Akatupa madafu mawili, hakutaka pesa.

Kaskazi nataka nirudi nianzie Konde. Mtambile_Juu, upande wa Micheweni na Kiuyu upo wazi kwa upepo zaidi au ni sawa?

Mtambile_Juu
Karibu tena. Upo wazi zaidi, ni mawe na vichaka, vilima vichache, lakini kivuli hakuna. Toka alfajiri na maji ya kutosha.