Naombeni ushauri: nimepata ofa studio ya vichekesho vya katuni vya watu wazima, nyumbani wameelewa vibaya

binti_chumbageni
Habarini wakuu. Humu mi ni msomaji wa kimya kimya ila leo yamenifika, naombeni mnivumilie uzi ni mrefu.

Mi mtu wa Tanga, nipo Vancouver huu mwaka wa nne. Nilikuja kusoma, nikamaliza diploma ya miaka miwili ya animesheni, sasa hivi natumia kile kibali cha kazi wanachopewa waliomaliza masomo na kimebaki mwaka na miezi nane hivi. Nina kazi ya kudumu kampuni ya vifungashio, nachora lebo za chupa za jamu na maboksi ya biskuti, mshahara wa kawaida, bima ya meno ipo, bosi hana tabu. Ila kila nikipita njia ya kwenda kazini moyo unaniuma, sikusomea lebo.

Wiki iliyopita studio moja huru ya animesheni ya hapahapa, ina watu kama sitini, wameniita kurekebisha storibodi, ile michoro ya mwanzo inayoonyesha tukio moja baada ya jingine, kwenye kichekesho cha TV cha watu wazima. Yani mchoraji akishamaliza storibodi, ikaunganishwa na sauti ikawa animatiki, mwongozaji anaangalia anasema hapa macho yabadilike, hapa mke achelewe kidogo kugeuka ili utani ukolee, basi hayo marekebisho ndo yangu. Kwenye jaribio walinipa kurasa tatu tu za maongezi, mume na mke wanagombana jikoni kisa mama mkwe, nikachora siku mbili usingizi sina na wala sikuhisi kuchoka. Mke nilimpa ile namna mama yangu anavyokunja kanga kiunoni akitaka kusema neno zito, ingawa yule mama wa kwenye katuni amevaa suruali. Wakasema hiyo ndo iliyowafanya wanipigie.

Mkataba ni wiki 40. Baada ya hapo haijulikani. Hela inazidi ya sasa ila sio sana.

Shida ya pili ndo inaniliza. Nilimwambia mdogo wangu kwenye simu, yeye kwa furaha zake akaandika kwenye grupu la familia "dada kapata kazi ya kuchora katuni za kikubwa". Mnajua wenyewe hilo neno kwetu linasikika vipi. Baba ni mwalimu mstaafu, mtu wa swala tano, leo siku ya tano hapokei simu yangu. Mama anasema nimwache apoe. Na mi sitaki kumdanganya baba, kichekesho kina matusi, kina walevi, kuna maongezi ya chumbani pia, ila picha za aibu hakuna.

Jibu wanataka Ijumaa. Niache kazi ya kudumu? Na baba nimwambieje?

mzee_wa_penseli
Hongera sana binti, jaribio la hizo studio sio mchezo, wanaoomba ni wengi.

Nimefanya kazi hizi miaka, sio hapo ila ni zilezile, ngoja nikwambie kitu ambacho chuoni hawakusemi. Studio huru mara nyingi sana haimiliki kipindi inachochora. Mwenye kipindi ni chaneli au kampuni ya kustrimu, studio inapewa bajeti ya kila episodi inaajiri watu, msimu ukiisha watu wanarudi nyumbani wanasubiri simu. Kwahiyo hizo wiki 40 sio kwamba hawakuamini, ndo urefu wa msimu kwa idara yenu. Episodi moja ya dakika 22 ya hizi za kawaida kutoka skripti mpaka inaruka hewani inachukua miezi tisa mpaka mwaka, ila ziko nyingi zinakwenda sambamba, na watu wa storibodi wanaanza mapema na kumaliza mapema. Usijilinganishe na wale wa katuni ya South Park wanaotengeneza episodi kwa siku sita, wale wana mfumo wao wa kipekee, hata wao ile ya kwanza waliyokata kwa karatasi iliwachukua kama miezi mitatu.

Sasa uliza hivi. Msimu huu umeshaagizwa wote au nusu? Msimu wa pili umeagizwa? Maana kipindi kizuri kinaweza kufa vizuri tu, katuni ya Tuca & Bertie ilifutwa na Netflix mwaka 2019 baada ya msimu mmoja, chaneli ya Adult Swim wakaichukua, nao wakaifuta 2022, na hakuna aliyesema ilikuwa mbaya. Toka 2022 oda zimepungua kote, hilo lijue kabisa kabla hujasaini. Uliza pia jina lako litatokea mwishoni mwa episodi au la, na lini utaruhusiwa kuonyesha michoro yako kwenye potifolio, kwasababu utasaini karatasi ya kutunza siri na bila kuonyesha kazi hiyo miezi tisa ni kama hukuwepo.

Kwenye kazi yenyewe una bahati moja. Vichekesho vya watu wazima vinabebwa na skripti, sauti inarekodiwa kwanza, we unachora juu ya sauti ya muigizaji, pumzi zake unazisikia. Huko ndo mtu anajifunza kuigiza kwa penseli. Jikoni na mama mkwe ni shule kubwa kuliko mazimwi.

fundi_saruji
Mi siungi mkono. Kazi ya kudumu ughaibuni unaiacha kwa ajili ya wiki 40? Kodi ya nyumba Vancouver tunaijua. Chora usiku, mchana bandika lebo.

mama_burnaby
Mwanangu pole na majaribu. Fundi hajakosea kuogopa ila kuna jambo limewapita wote. Hapo kazini una muda gani? Maana kama una mpango wa makazi ya kudumu kwa njia ya uzoefu wa kazi wa Kanada, wanataka mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi, saa 1,560, ndani ya miaka mitatu kabla ya kuomba, na si lazima ziwe kwa mwajiri mmoja wala mfululizo. LAKINI kazi ya kujiajiri haihesabiwi. Studio nyingine zinapenda kumwandika mchoraji kama mkandarasi anayeleta ankara, hapo utafanya kazi wiki zote 40 na kwenye hesabu ya uhamiaji ni sifuri. Waulize kwa maandishi, mimi ni mwajiriwa na mwisho wa mwaka napewa karatasi ya T4, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato, ndiyo au hapana? Ukiwa mwajiriwa unachangia pia bima ya kukosa kazi, na msimu ukiisha unaweza kudai kama umefikisha saa zinazotakiwa, ni kati ya 420 na 700 kutegemea ukosefu wa ajira wa eneo lako.

Nimeona vijana wawili wameumia kwa hili, nakuomba usilipuuze.

mchoraji254
Niaje dada. Niko Nairobi, sijui visa zenu lakini ulizia kama hiyo studio iko na union. Hapo Vancouver wafanyakazi wa studio ya Titmouse walipiga kura wakaingia IATSE, union ya watu wa filamu na maonyesho, mwaka wa 2020, wenzao wa New York wakafuata 2022, na hao ndio studio huru hasa ya vichekesho vya watu wazima, ilianzishwa 2000 na bwana na bibi, ati mwanzo walikuwa wanauza fulana. Kukiwa na union, masaa ya ziada yanalipwa na hakuna mtu wa kukuambia urudie kuchora usiku bure.

Huku kwetu hizo kazi za watu wazima ni chache sana, pesa zote ziko kwa katuni za watoto. Ukipata nafasi ya kujifunza ingia, siku moja utatuletea.

mgosi_wa_ngamiani
Mgosi mwenzangu, mi sijui animesheni, najua wazee wa Tanga.

Kwanza tatizo sio kazi, tatizo ni lile neno, na mdogo wako ndo alitakiwa alifute kwenye grupu siku ileile. Pili, wazee wetu ndo waliolelewa na katuni za watu wazima kuliko sisi. Muulize baba kuhusu Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, kama ni mwalimu wa miaka ile lazima anamjua, na vituko vyake vyote vya mjini, vilikuwa vya watoto vile? Kipanya kwenye Mwananchi anamchorea nani, chekechea? Na Gado mchora katuni ni kijana wetu wa Dar, kaenda gazeti la Nation kule Nairobi 1992, viongozi wamemnunia vya kutosha na heshima yake ipo.

Usimpigie baba kumshawishi. Mpigie umuombe radhi kwamba kasikia habari zako grupuni kabla ya kuzisikia kwako. Hiyo ndo iliyomuuma, nakuapia.

binti_chumbageni
Nimelia hapo mwisho. Mama Burnaby, nina miezi kumi na moja kamili kwenye lebo, sikujua kabisa kama ningeweza kupoteza hesabu. Barua ya ofa nimeisoma tena haisemi mwajiriwa wala mkandarasi. Nawaandikia sasa hivi.

fundi_saruji
Hapo kwenye T4 wakisema ndiyo kwa maandishi nanyamaza.

binti_chumbageni
Mrejesho wakuu.

Studio wamejibu. Mwajiriwa, T4 ipo, chama cha wafanyakazi kipo, jina litatokea. Msimu wa kwanza umeagizwa wote episodi kumi, wa pili hawana jibu na wamesema wazi hawawezi kuahidi, nimependa walivyosema ukweli. Bosi wa vifungashio nimemweleza, kasema nikikwama msimu ukiisha nimpigie, kama pana nafasi.

Baba alipokea simu ya mama, mama akanipa niongee. Nikafanya kama alivyosema mgosi, nikaomba radhi kwanza, kimya kirefu. Nikamwambia baba kuna matusi kwenye hicho kipindi sitakuficha, ila uchi sichori na wakinitaka nichore nitakwambia na nitakataa. Kisha nikamuuliza Chakubanga. Akasema, "Yule mlevi?" Akaanza kunisimulia walivyokuwa wanagombania gazeti chuo cha ualimu, ameongea dakika ishirini bila kunipa nafasi.

Baraka hajatoa. Kasema nimtumie nilichochora akione mwenyewe. Kurasa za jaribio ni za studio siwezi kuzitoa, kwahiyo jana usiku nimechora upya jikoni letu la Chumbageni, mama na kanga yake kiunoni, baba amekaa na redio anajifanya hasikii. Nimemtumia WhatsApp, tiki mbili zimeshakuwa za bluu. Naingia kusaini saa nne asubuhi, simu nimeiweka mezani.