Je, matabaka huzaliwa na zana za kazi au na umiliki wake?

Mdadisi aliuliza:

Ndugu zangu, ninasoma historia ya uchumi, na kila kitabu ninachofungua kinanipangia mifumo ya uzalishaji mali kwa utaratibu uleule: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, kisha usoshalisti. Ninaelezwa kwamba zana zikikua uzalishaji huongezeka, uzalishaji ukiongezeka hupatikana ziada, na wenye nguvu wakishaihodhi ziada hiyo jamii hugawanyika katika matabaka. Kinachonitatiza ni kwamba maelezo hayo yanaifanya mashine iwe ndiyo mwamuzi wa kila jambo, na binadamu wawe wafuasi tu. Kama ndivyo, imekuwaje jamii zenye zana zinazofanana ziwe na taratibu za kazi zinazopishana kabisa? Tena, tunaposema kuwa mfumo wa uzalishaji ndio unaoijenga jamii, je, tunagusa pia sheria na ndoa, au ni mambo ya shambani na kiwandani peke yake? Naomba majibu yenye mifano ya kihistoria, maana fasili ninazo za kutosha.

Jembe na Kalamu alijibu:

Ndugu Mdadisi, mashaka yako yana msingi. Mwaka 1847 Karl Marx aliandika kwamba kinu cha mkono huleta jamii ya kabaila, na kinu cha mvuke huleta jamii ya bepari wa viwanda. Kauli hiyo hukaririwa sana, na kwa maoni yangu imepotosha wengi kuliko iliowasaidia, kwa kuwa maandishi yake ya baadaye yanatilia mkazo zaidi mahusiano ya watu katika uzalishaji: nani anamiliki ardhi na vitendea kazi, nani anatoa jasho, na ziada inatoka mikononi mwa huyu ikaingia kwa yule kwa njia gani.

Mimi huanza kwa kuuliza ni kitu gani kinachomzuia mfanyakazi asiondoke. Mtumwa huzuiwa na mabavu pamoja na sheria inayomhesabu kuwa mali ya mtu mwingine. Mkulima aliye chini ya kabaila ana kipande chake cha ardhi, jembe lake na watu wa nyumbani kwake, na anaweza kujilisha bila msaada wa bwana; ndiyo maana bwana huyo hulazimika kumdai siku za shokoa, yaani kazi ya lazima isiyo na malipo, au sehemu ya mavuno kwa nguvu ya upanga, ya mahakama na ya desturi. Mfanyakazi wa ujira hafungwi na yeyote. Anaweza kumwacha mwajiri wake leo hii, ila hawezi kuwaacha waajiri wote kwa pamoja, kwa sababu hana ardhi wala mtambo wa kumwezesha kuishi bila wao.

Ukishalijibu swali hilo, mengi yanayoonekana kuwa mbali na uchumi huanza kueleweka. Kabaila alikuwa mwenye ardhi, hakimu na kamanda wa askari kwa wakati mmoja, kwa kuwa bila mamlaka hayo asingepata hata gunia moja. Mwenye kiwanda hahitaji mahakama yake binafsi, na kwa hiyo sheria inaweza kutangaza kuwa watu wote ni sawa huku ndani ya lango la kiwanda mmoja akiamuru na mia wakitii. Umeuliza pia kuhusu ndoa na familia. Katika Uingereza ya zama za kati, mkulima asiye huru alitozwa ada na bwana wake alipomwoza binti, kwa kuwa binti huyo alikuwa nguvukazi inayoweza kuhamia kwenye ardhi ya bwana mwingine. Huko Virginia, koloni la Uingereza katika Amerika ya Kaskazini, sheria ya mwaka 1662 iliamua kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, awe huru au mtumwa, ingawa kwa desturi ya Kiingereza mtoto alifuata hali ya baba. Tazama lilivyo jambo hilo: mwenye shamba aliyezaa na mtumwa wake hakuwa na mtoto mbele ya sheria, alikuwa ameongeza mali.

Sasa nije kwenye zana. Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa makoloni ya Uingereza katika eneo la Karibi. Sheria ya kukomesha utumwa ilipitishwa mwaka 1833 na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834. Kikafuata kipindi ambacho waliokuwa watumwa waliendelea kulazimishwa kuwatumikia mabwana wao kwa jina la uanagenzi, hadi mwaka 1838. Wamiliki walitengewa fidia ya pauni milioni 20, na watumwa wenyewe hawakupewa chochote. Baada ya hapo makoloni yote yalibaki na miwa ileile, mitambo ileile na soko lilelile, lakini mambo yakaenda njia tofauti. Kule Barbados karibu ardhi yote ilikuwa imeshachukuliwa na mashamba makubwa, na waliokombolewa hawakuwa na pa kwenda. Wengi walibaki palepale walipokuwa, wakifanya kazi kwa ujira mdogo. Kule Jamaica na Guiana ya Uingereza kulikuwa na ardhi ambayo mashamba hayo hayakuwa yameifikia, au ambayo wenyewe walishindwa kuiendeleza. Watu wakaondoka kwa wingi wakaanzisha vijiji vyao, na huko Guiana wako waliochangishana fedha wakanunua mashamba yaliyotelekezwa. Wenye mashamba, kwa kukosa watu wa kuwafanyia kazi, walianza mwaka 1838 kuleta Guiana wafanyakazi wa mkataba kutoka India, na mikataba yenyewe ilihesabu kuondoka kazini kuwa kosa la jinai. Uandikishaji wa namna hiyo uliendelea hadi mwaka 1917.

Haiti inathibitisha jambo hilohilo kwa uchungu zaidi. Taifa hilo lilipata uhuru mwaka 1804 kwa mapambano ya watumwa wenyewe, lakini viongozi wake, waliohitaji sukari na kahawa ya kuuza nje ili kulipia jeshi na serikali, walijaribu mara kwa mara kuwarudisha wananchi kwenye mashamba makubwa. Kanuni za vijijini za Rais Boyer za mwaka 1826 zilikuwa jaribio mojawapo. Zilishindwa, kwa sababu watu walikuwa wameshapata vipande vya ardhi vya kujilimia na hakukuwa na nguvu ya kutosha ya kuwatoa humo.

Fundi Mitambo alijibu:

Mwalimu Jembe na Kalamu, hoja yako ya ardhi naikubali, ila naona umezisukuma zana pembeni mno. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambua pamba. Kabla ya hapo, kuondoa mbegu kwenye pamba ya nyuzi fupi kwa mkono kulikula muda mwingi kiasi kwamba kuilima kwa wingi hakukuwa na faida. Mashine ilipoondoa kikwazo hicho, kazi iliyobaki ikawa ni kulima na kuchuma, na kazi hiyo ilipewa watumwa. Sensa ya Marekani ya mwaka 1790 ilihesabu watumwa takribani 700,000. Ile ya mwaka 1860 iliwakuta karibu milioni 4. Anayedhani kwamba zana mpya hufuta mfumo wa zamani aeleze kwanza jambo hilo. Zana iliamua mengi, isipokuwa iliamua kinyume cha ngazi inayochorwa vitabuni.

Pamba hiyo ilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilivuka bahari hadi viwanda vya Lancashire huko Uingereza, ambako ilisokotwa na watu waliolipwa ujira kila wiki. Kwa hiyo mtumwa wa Mississippi na mfanyakazi wa Manchester walikuwa katika mnyororo mmoja wa uzalishaji, kwa wakati mmoja, na faida ya mmoja wa mabwana wao ilitegemea ya mwingine. Ukimweka mtumwa huyo katika hatua ya pili na mfanyakazi huyo katika hatua ya nne, utakuwa umewatenganisha watu ambao historia iliwafunga pamoja.

Niongeze jambo moja kuhusu mvuke, kwa kuwa ndiyo fani yangu. Viwanda vya kwanza viliendeshwa kwa maji, na mwenye kiwanda alilazimika kujenga kando ya mto wenye kasi, mara nyingi mbali na watu, kisha awajengee wafanyakazi nyumba ili wakubali kuhamia huko. Injini ya mvuke ilimruhusu kuhamia mjini, ambako wasio na kazi walikuwa wengi na aliyegoma angeweza kubadilishwa upesi. Lakini mji huohuo uliwakutanisha wafanyakazi kwa maelfu, wakapata kuzungumza, kuchangishana na kuunda vyama vyao. Hilo nalo ni tunda la zana, ingawa hakuna bepari aliyelikusudia.

Binti Maktaba alijibu:

Nawashukuru kaka zangu wawili. Naomba nilete kisa kingine ambacho naona kinawabana nyote, kwa kuwa ndani yake hakuna zana mpya wala sheria ya ukombozi. Tauni iliyoingia Ulaya mwaka 1347 iliua, kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja ya watu au zaidi katika muda wa miaka michache. Mikono ya kufanya kazi ikawa adimu kila mahali. Uingereza watawala walijibu kwa sheria ya mwaka 1351 iliyokataza ujira kupanda juu ya kiwango cha kabla ya tauni, lakini wakulima walikataa, wakahama, wakashindana na mabwana mahakamani, na mwaka 1381 wakaasi waziwazi. Uasi ulizimwa, hata hivyo, kufikia mwisho wa karne ya 15 kazi ya shokoa ilikuwa imekwisha karibu kabisa nchini humo.

Upande wa mashariki wa bara hilohilo mambo yalikwenda kinyume. Poland ilipitisha sheria mwaka 1520 iliyowataka wakulima watoe angalau siku moja ya shokoa kila wiki, na siku hizo zikazidi kuongezeka kadiri mabwana walivyouza nafaka nyingi zaidi kwa nchi za magharibi. Urusi iliwafunga wakulima wake moja kwa moja kwa sheria ya mwaka 1649, na ilikuja kuwafungua mwaka 1861 kwa masharti ya kuilipia ardhi kwa miaka 49, malipo ambayo yalifutwa kuanzia mwaka 1907. Mwanahistoria Robert Brenner alichochea mjadala mkubwa mwaka 1976 aliposema kwamba tofauti hiyo ilitokana na nguvu za matabaka yenyewe: mahali ambapo vijiji vilikuwa na umoja wa kukabiliana na bwana, uhaba wa watu uliwanufaisha wakulima, na mahali ambapo vijiji vilikuwa dhaifu, uhaba uleule ulimpa bwana sababu ya kuwafunga. Wako waliompinga kwa hoja nzito, hasa kuhusu nafasi ya miji na biashara. Mimi naona yuko karibu zaidi na ukweli.

Nina neno pia kuhusu huyo mfanyakazi wa ujira 'asiyefungwa na yeyote'. Huko Uingereza, mfanyakazi aliyevunja mkataba kwa kuacha kazi aliweza kufungwa jela hadi sheria zilipobadilishwa mwaka 1875, ilhali mwajiri aliyeuvunja mkataba huohuo alishtakiwa kwa madai tu. Ubepari wa viwanda ulikua kwa takribani karne nzima huku jela ikiwa nyuma ya mkataba. Kaka Jembe na Kalamu asiuchore mpaka kati ya kulazimishwa na kukubaliana ukawa mnyoofu kupita kiasi.

Mdadisi aliandika tena:

Nimefaidika sana. Nina maswali mawili yanayofuatana na hayo. Kwanza, serikali ikitaifisha viwanda na mashamba, je, matabaka hufa? Pili, dereva wa siku hizi anayepokea abiria kupitia programu ya simu ana gari lake mwenyewe. Kwa kipimo cha umiliki wa vitendea kazi, basi, yeye si mfanyakazi hata kidogo?

Jembe na Kalamu alijibu:

Dada Binti Maktaba amenibana mahali panapostahili, na jambo la mwaka 1875 linanisaidia kujibu swali la kwanza. Katika Umoja wa Kisovieti mwenye kiwanda binafsi aliondolewa, lakini amri ya Juni 1940 ilifanya kuacha kazi bila ruhusa kuwa kosa la jinai, na haikufutwa hadi mwaka 1956. Pasipoti za ndani zilianzishwa mwaka 1932, na wakulima wengi wa mashamba ya pamoja hawakupewa kama haki yao hadi ulipofanyika uamuzi wa mwaka 1974. Bila pasipoti kuhamia mjini kulikuwa kugumu. Umiliki ulibadilika kwenye karatasi. Maamuzi juu ya ziada, yaani kiasi gani kichukuliwe shambani, kijengewe nini na kwa faida ya nani, yalikuwa mikononi mwa wachache ambao mkulima hakuweza kuwaondoa. Wanazuoni hawakubaliani kama kundi hilo liitwe tabaka, kwa kuwa hawakuweza kuwarithisha watoto wao kiwanda kama bepari anavyofanya. Mimi siligombanii jina, mradi tusiufiche uhusiano wenyewe.

Swali la pili lilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza, na tarehe 19 Februari 2021 iliamua dhidi ya kampuni ya Uber kwamba madereva waliofungua shauri ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Gari lilikuwa la dereva kweli. Hata hivyo, mahakama ilitazama nani anapanga nauli, nani anaandika masharti ya mkataba, nani anamwadhibu dereva anayekataa safari nyingi, na nani anayezuia dereva na abiria wasijenge uhusiano wao wenyewe. Majibu yote yaliangukia kwa kampuni. Kitendea kazi kilichokuwa na uzito hapo kilikuwa ule mtandao unaomkutanisha dereva na abiria, na huo dereva hakuwa na hisa ndani yake. Kwa hiyo kipimo cha umiliki bado kinafaa, ila lazima kwanza tujue ni chombo kipi ambacho mtu akikikosa hawezi kuiuza kazi yake. Kwa dereva huyo, gari peke yake halikumtosha.