Naomba ushauri: entropi inanitatiza

Assalam aleikum ndugu zangu. Nasomea uhandisi wa mitambo hapa Mombasa na mtihani wa themodinamiki (elimu ya joto na kazi) umekaribia. Kanuni ya kwanza sina shida nayo: chukua joto lililoingia, toa kazi iliyotoka, kinachobaki ni badiliko la nishati ya ndani. Ya pili, ile ya entropi (kipimo cha jinsi nishati inavyotawanyika), ndiyo shida.

Nimepiga hesabu ya chumba cha baridi cha samaki. Ndani ni -18°C, yaani kelvini 255. Nje, kwa joto letu la Februari, 32°C, yaani 305. Kwa kanuni ya Carnot, inayotoa kikomo cha juu kwa mtambo usio na hasara yoyote, 255 gawanya kwa tofauti ya halijoto hizo mbili, 50, ni 5.1: kilojuli moja ya kazi ihamishe kilojuli 5.1 za joto. Mtambo halisi haufiki hapo hata kidogo. Naambiwa ni msuguano ndani ya kompresa, na shinikizo linalopotea bure kwenye vali. Sawa, lakini kuonyesha hasara hiyo kwa entropi ndiko ninakokwama.

Hasa hili: gesi ikibanwa kiadiabatiki (bila joto kuingia wala kutoka) kukiwa na msuguano, mbona entropi huongezeka ilhali hakuna joto lililoingia? Nianzie wapi, mchoro wa halijoto na entropi, au nirudie kwanza michakato inayorejesheka (inayoweza kurudishwa nyuma bila hasara)? Mwenye mfano wa hesabu, tafadhali anisaidie.