Nianzie wapi kutengeneza tovuti ambazo hata asiyeona anazitumia? Niko Dodoma

MwanaMakole:
Wadau, habari za jioni. Niko mwaka wa tatu CIVE, chuo cha kompyuta cha hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Tovuti ndogondogo nimeshatengeneza, ya saluni na ya duka la vifaa vya ujenzi. Sasa nataka nijikite kwenye tovuti ambazo watu wenye ulemavu watazitumia bila kumwomba mtu msaada. Naanzia wapi, na inalipa?

DadaWaIhumwa:
Karibu mdogo wangu. Na mimi nilipita hapohapo CIVE, nikaanza na tovuti za nyumba za wageni Area D. Kilichonigeuza ni mwalimu mmoja asiyeona wa huku Chamwino. Nilikaa pembeni yake akijaza fomu ya maombi kwa NVDA, ile programu inayosoma skrini kwa sauti. Kila akibonyeza Tab anaambiwa kuna kisanduku kitupu. Cha jina? Cha namba ya simu? Haambiwi, kwa sababu maandishi ya juu yake hayakuunganishwa na kisanduku kwa lebo. Halafu ukurasa ni wa Kiswahili lakini kwenye msimbo wake (code) umeandikwa "en", yaani Kiingereza, kwa hiyo "jina la ukoo" linasomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Kuweka lang="sw" ni kazi ya sekunde! Iliniuma sana.

Pakua NVDA, ni ya bure. Walioianzisha mwaka 2006, Michael Curran na James Teh wa Australia, wenyewe hawaoni. Weka kipanya kando, tembea kwenye tovuti zako kwa kibodi tu. Kitufe kiandikwe kwa button ya kweli ya HTML, siyo div, yaani kisanduku cha kawaida tu, iliyopakwa rangi. Ukishazoea ndipo usome WCAG 2.2 ya mwaka 2023, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazotumika na wenye ulemavu. Humo utakuta maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake yatofautiane angalau 4.5 kwa 1, jambo linalomsaidia hata anayesoma simu juani stendi ya Nanenane.

Kuhusu malipo, wateja wengi hawaulizi habari za wenye ulemavu. Mimi kazi hiyo siiuzi kama nyongeza, imo ndani ya bei yangu.

Msikilizaji_Kongwa:
Mimi sioni, natumia simu. Naomba muache kuweka matangazo ya kazi kama picha au PDF iliyoskaniwa. Sauti inakaa kimya kabisa, na siku ya mwisho ya kuomba inanipita.

MwanaMakole:
Pole sana kaka, nimekuelewa. Na kwenye simu najaribuje?

Msikilizaji_Kongwa:
Kama ni Android, washa TalkBack, kisomaji cha skrini cha simu, kwenye mipangilio. Telezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, gusa mara mbili kufungua. Zima mwanga wa skrini kabisa, usichungulie.