Kamera ya mbele kwenye hardtop: ijiwashe yenyewe ukiingiza L4, au swichi tu inatosha?

Kijana wa Katubuka
Wakuu salaam. Nina hardtop (Land Cruiser), nataka kuifungia kamera ya mbele kabla mvua hazijachanganya. Mwezi ujao naanza kubeba mizigo na watu barabara ya Simbo–Ilagala–Kalya huku Kigoma, na mnajua vile vilima: ukifika kileleni unaona boneti na mbingu tu, njia hujui imekata kulia au kushoto. Safari iliyopita nilishuka mara tatu kwenda kuchungulia kwa miguu.

Nataka ijiwashe yenyewe. Sitaki kuhangaika na kitufe wakati mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine kwenye gia. Fundi mmoja hapa mjini kanitajia njia tatu: iwake nikiingiza L4 (magurudumu manne, gia nzito), iwake nikitoka rivasi ikae sekunde kadhaa ijizime, au anifungie swichi ya kawaida. Ipi bora? Naomba kuwasilisha.

Fundi Mwanga
Mkuu hujasema kitu. Hardtop ya mwaka gani, injini gani? Umeme volti 12 au 24? Redio gani, ina njia ya kamera ya mbele au ya nyuma peke yake? Kamera ya nyuma unayo? Bila hayo tunapiga ramli.

Mama Kasulu
Swichi tu. Hayo mengine ni kujitafutia ugonjwa wa umeme kwenye gari nzima.

Mzee wa Chumvi
Mimi kamera ya mbele ninayo tangu 1994, inaitwa utingo. Inashuka yenyewe bila kubonyeza chochote, inapima kina cha maji kwa mguu, inaondoa jiwe barabarani, na ikichafuka inajiosha mtoni. Inatumia ugali na mgebuka mmoja kwa siku. Niambieni kamera gani ya Kichina inafanya hayo.

Barabara Mbovu
Chukua zile za kubandika kiooni, zinarekodi mpaka trafiki akikusimamisha. Zinajiwasha ukiwasha gari.

Fundi Mwanga
@Barabara Mbovu hiyo ni ya kurekodi, inakaa nyuma ya kioo na inaona boneti ileile anayoilalamikia. Yeye anataka jicho liwe kwenye grili au kwenye ngao, lione ardhi iliyo mbele ya tairi.

Kijana wa Katubuka
Samahani wakuu, nilikuwa gereji. Injini 1HZ ya dizeli, gia za mkono, betri mbili. Redio ni ya Android ya Kichina, inchi 9, haina jina. Kamera ya nyuma ipo.

Fundi Mwanga
Betri mbili hazijajibu swali. Zikifungwa sambamba ni 12, zikifungwa kwa kufuatana ni 24, na hardtop zilizotoka Japani zenyewe zipo za namna zote mbili. Kamera nyingi za bei ya kawaida ni za volti 12 pekee. Ukiipa 24 itakuonyesha picha nzuri sana kwa muda mfupi, halafu utasikia harufu. Pima kwa mita kwanza, usiniamini mimi wala aliyekuuzia gari.

Sasa L4. Kwenye transfa (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu manne) kuna swichi ndogo inayowasha taa ya dashibodi. Mara nyingi swichi hiyo haitoi moto (chanya), inashika ethi (hasi). Kwa hiyo ukiunga waya wake moja kwa moja kwenye kamera hupati kitu. Weka rilei, yaani swichi inayobanwa na umeme: mguu wa 86 upate moto unaokuja ukiwa swichi on, 85 uende kwenye waya wa transfa, 30 upate moto wenye fyuzi yake, 87 upeleke moto kwenye kamera na kwenye ule waya wa kuamsha redio. Ukivuta kijiti L4, rilei inabana, picha inakuja. Ukitoa, inazima. Kazi ya saa mbili.

Buhigwe 4x4
Fundi, nakuheshimu lakini hapo umemwachia shimo. Kwenye hardtop yangu taa ya 4WD inawaka hata ukiwa H4 (magurudumu manne, gia nyepesi). Nilifunga hivyohivyo unavyosema, nikawa kila nikiweka H4 kwenye changarawe naenda kilomita 60 kwa saa, skrini inanionyesha bampa. Ramani sioni, nyimbo sibadilishi. Nikaing'oa baada ya wiki.

Na jambo lingine, hiyo njia ya Kalya matope mengi unapita na H4. L4 ni kwa kupanda na kushuka tu.

Barabara Mbovu
Nani kakuambia matope ni H4? Matope mazito ni L4, gari inatembea taratibu haizungushi tairi ovyo.

Buhigwe 4x4
Ukiwa L4 kwenye matope tairi inapata nguvu nyingi inachimba. Unahitaji mwendo kidogo ujinasue.

Barabara Mbovu
Inategemea tairi. Zako ni za lami.

Mama Kasulu
Tumeanza.

Fundi Mwanga
@Buhigwe 4x4 uko sahihi, zipo zenye swichi moja inayowaka H4 na L4 pamoja. Hizo hushiki waya wa taa. Unafunga kiswichi kidogo cha kubonyezwa pembeni ya kijiti cha transfa, kiguswe kijiti kikifika L4 tu. Kikiwa chini ya kile kiraba cha kijiti maji hayafiki. Nimefunga viwili hivyo, havijarudi.

Dereva Nguruka
Naomba niwape yaliyonikuta msije mkarudia.

Mwaka juzi nilifunga kamera ya mbele kwenye Hilux. Redio ilikuwa na njia moja tu ya kamera, ya nyuma. Fundi (simtaji, bado tunasalimiana) akaweka kiboksi cha kubadilisha kamera pamoja na swichi kwenye dashibodi ya kuiamsha skrini. Moto wa swichi akauchukua kwenye redio, na upande wa pili akauunga kwenye waya uleule unaotoka taa za rivasi, maana ndio unaoiamsha redio. Tukajaribu mchana pale gereji, picha safi, nikalipa.

Jioni ile tukatoka Uvinza kurudi nyumbani, abiria watatu na magunia ya chumvi nyuma. Giza limeshaingia. Nikafika kwenye korongo, nikasimama, nikabonyeza swichi nione mbele. Nyuma yangu kulikuwa na Fuso. Nasikia honi mfululizo, Fuso linarudi nyuma kwa fujo, utingo wake anaruka chini anakuja mbio: "Unarudi wapi wewe? Huoni gari?" Namwambia narudi wapi, niko gia namba moja! Anasema mbona taa zako nyeupe zinawaka? Tukaanza kubishana pale gizani. Abiria mmoja akashuka akaenda nyuma kuangalia, akasema ni kweli zinawaka.

Moto wa ile swichi ulikuwa unapita kinyume kwenye waya wa rivasi mpaka kwenye taa. Kila nikitaka kuona mbele, nyuma nawaambia watu narudi. Na hakukuishia hapo. Ile swichi na kile kiwaya chembamba vilikuwa vinabeba taa mbili za wati 21, fyuzi ya redio ikakatika katikati ya korongo. Skrini nyeusi, redio imekufa, Fuso linasubiri. Nikapita kwa kuongozwa na utingo wa Fuso, yule yule aliyenitukana.

Baadaye fundi mwingine akaweka dayodi mbili (zinapitisha umeme upande mmoja tu), moja kwenye waya wa rivasi na moja kwenye waya wa swichi, zote zinaelekea redio. Vile vidude vya 1N4007 ambavyo bei yake hata soda hupati. Tangu hapo salama.

Mzee wa Chumvi
Umeona? Mwisho wa yote aliyekuvusha ni utingo.

Dereva Nguruka
😂 Mzee sina jibu.

Mama Kasulu
Hiyo ndiyo maana nasema swichi, lakini ya kamera peke yake, isiguse rivasi. Kijana, angalia nyuma ya redio yako kama kuna tundu limeandikwa F-CAM. Kama lipo, kamera ya mbele inaingia hapo, rivasi unaiacha na tundu lake. Yangu ndivyo ilivyo. Na kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuchagua kamera ya mbele ibaki sekunde ngapi baada ya kutoa rivasi. Nilijaribu nikaizima. Kila nikitoka kuegesha sokoni naletewa picha ya miguu ya wauza mawese.

Buhigwe 4x4
Hiyo ya baada ya rivasi ni ya watu wa mjini wanaohangaika na maegesho. Kileleni hutoki rivasi, unafika unaenda mbele.

Fundi Mwanga
Mambo mawili mnayasahau. Kamera nyingi zinakuja zimegeuza picha kama kioo, kwa ajili ya nyuma. Ukiiweka mbele hivyohivyo, kulia kunakuwa kushoto, na kwenye kona ya Kalya hilo si jambo la kucheka. Tafuta vile vitanzi viwili vidogo vya waya: kimoja ukikikata picha inageuka, kingine kinaondoa mistari ya kuegesha. Soma karatasi yake kabla hujakata, rangi hazifanani.

Pili matope. Chukua iliyoandikwa IP67 kwenda juu, yaani imejaribiwa kuzama mita moja nusu saa. Lakini kutoingia maji si kuona. Tope likikaa kwenye jicho umekwisha. Vuta bomba la maji ya waipa, weka kigawanyo, mdomo mmoja uelekee kwenye kamera.

Barabara Mbovu
Prado 150 za daraja la juu zinakuja na kamera hizo kutoka kiwandani. Uza hiyo hardtop.

Buhigwe 4x4
Prado na mizigo ya Kalya? Labda uende na fundi wake, aishi humohumo ndani.

Kijana wa Katubuka
Nimerudi. Nimepima: 12.6 kila betri, na kwenye stata 12.6 pia, kwa hiyo hofu ya 24 imeondoka. Nyuma ya redio tundu la F-CAM lipo, limejaa vumbi. Ila kuhusu taa ya 4WD, nimeingiza H4, nimeingiza L4, haiwaki kote kote. Nadhani balbu imeungua toka kwa mwenye gari wa kwanza, mimi nilikuwa naangalia kijiti tu.

Fundi Mwanga
Au swichi ya transfa ndiyo imekufa. Chomoa plagi yake pale transfa, gusisha ule waya na ethi ukiwa swichi on. Taa ikiwaka, swichi mbovu. Isipowaka, balbu au waya. Mpaka ujue hilo, habari ya L4 iache.

Kijana wa Katubuka
Sawa mkuu. Nikikosa muda nitaweka swichi kwanza kama alivyosema Mama Kasulu, L4 tutaiona.

Mama Kasulu
Asante mwanangu.

Dereva Nguruka
Kwani unaondoka lini kwenda Kalya? Nina mabati kumi na mawili ya shemeji yangu, yamekaa stendi wiki ya pili.

Kijana wa Katubuka
Alhamisi, Mungu akipenda. Yanakaa juu ya keria, ila uyalete Jumatano jioni, asubuhi sisubiri mtu.

Mzee wa Chumvi
Na utingo je, umeshapata?