Raspberry Pi 3B+: Linux inasema MHz 1400, prosesa iko 1200. Naombeni ushauri

Wadau, salama? Nina Pi 3B+ (ile kompyuta ndogo ya bodi moja) hapa Mombasa, naitumia kupunguza ukubwa wa video za masomo. Ikianza iko fasta, baada ya dakika chache inazubaa. Faili la spidi la Linux, scaling_cur_freq, linaonyesha 1400000 (kHz, yaani 1.4 GHz), lakini amri ya vcgencmd measure_clock arm inanipa kama 1200000000 (Hz, yaani 1.2 GHz). Chaja ni ya volti 5.1, ampea 2.5, na alama ya radi (ya umeme mdogo) haitokei kwenye skrini. Niamini ipi?

WayaMwembamba: Umeme huo, kaka. Volti zikishuka chini ya 4.63, femwea (programu ya ndani ya bodi) inabana spidi. Badilisha waya.

DadaTerminali: Asinunue kitu kwanza. Endesha vcgencmd get_throttled (inaonyesha kama spidi inabanwa) na vcgencmd measure_temp (joto) kazi ikiwa inaendelea, utubandikie majibu.

Mwenye uzi: throttled=0x80008, temp=62.3'C

DadaTerminali: Basi umeme wako mzima, ukiwa na hitilafu kwa kawaida jibu huishia na 1 au 5. Hiyo 8 ya mwisho ni kikomo laini cha joto, kinabana sasa hivi. 8 ya mbele inasema kimeshaguswa tangu uwashe. Wengi tunajua nyuzi 80 tu, lakini 3B+ na 3A+ zina kikomo kingine, 60: ikifika hapo inashushwa kutoka 1.4 GHz hadi 1.2 na volti zinapunguzwa kidogo. Imepangwa hivyo, bodi haijaharibika.

Kuhusu namba mbili: saa ya prosesa haishikwi na Linux. Inashikwa na femwea, nayo inaendeshwa na VideoCore, chipu ileile ya picha. Linux inaomba 1400 na kuandika ilichoomba, femwea inatoa inachotaka. measure_clock inaiuliza femwea yenyewe, iamini hiyo.

Kwenye faili la mipangilio, config.txt (iko /boot/firmware kuanzia toleo la Bookworm la Raspberry Pi OS, /boot kwa matoleo ya nyuma) ongeza temp_soft_limit=70, halafu uwashe upya. Zaidi ya 70 haikubali.

PwaniTek: Na kwa joto letu la Februari hiyo 70 itafikiwa tu. Weka kipoza joto na feni ya volti 5, waya mwekundu pini ya 4, mweusi ya 6.

Mwenye uzi: Nimeweka 70, kifuniko nimekitoa. Inacheza kwenye 66, measure_clock imebaki 1400 video nzima. Asanteni sana, feni nainunua wikendi.

PwaniTek: Feni ikishafungwa rudisha kifuniko, ndugu yangu. Hewa ya chumvi inakula pini.