Naomba ushauri: nikisimama kuwasilisha kazi ya kundi, maneno yanapotea

Wakuu, habari za muda huu. Nipo mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dodoma. Semista hii karibu kila somo lina kazi ya kundi ya kuwasilisha mbele ya darasa. Alama ni za wote, kwa hiyo anatafutwa aliyesoma Inglishi Midiamu tangu chekechea, anaongea yeye, sisi wengine tunasimama pembeni ya projekta kama walinzi. Kazi yangu huwa kubonyeza slaidi.

Somo nalielewa. Geto nikimweleza rumeti kwa Kiswahili, anaelewa hadi anauliza maswali. Ila nikisimama darasani koo linakauka, macho yanaganda ukutani, naanza kusoma slaidi neno kwa neno. Msingi nilisoma Kiswahili, Kiingereza cha kufundishiwa nikakutana nacho kidato cha kwanza. Labda shida ipo hapo, ingawa kuna jamaa tuliyesoma naye shule hiyo hiyo na anatiririka tu.

Naogopa zaidi mbele ya safari, maana usaili wa Utumishi, yaani wa ajira za serikali, ukivuka mtihani wa kuandika, kuna mahojiano ana kwa ana.

Wiki ijayo ni zamu yetu. Nimeomba nieleze sehemu ya matokeo, wenzangu wanaguna. Je, nikariri sentensi za mwanzo au nishike kikaratasi chenye pointi tu? Na mhadhiri akinibana kwa swali, mnajipaje muda wa kufikiri bila kuonekana mmekwama?

Wa kunishauri nipige kidogo kwanza, nimeshaambiwa. Sinywi.